Usimwambie Ni Uzee: Mbinu za Kutuliza Maumivu ya Mzee Nyumbani

Uzee hauumi. Kinachouma ni goti ambalo gegedu yake imelika, pingili ya mgongo iliyobonyea, jino lililooza, neva zilizoharibiwa na sukari, njia ya mkojo iliyoziba au saratani iliyoingia mifupani. Kila kimoja kina jina lake na namna yake ya kutulizwa, na mzee wa miaka 78 anayeambiwa "ni uzee tu" ananyimwa vyote viwili.

Namwandikia anayemtunza mzee katika chumba cha mabati Tuwan, Kipsongo au Mitume hapa Kitale, au katika boma la shambani upande wa Bungoma, mtu ambaye hana muuguzi wa kuja nyumbani wala nauli ya kwenda hospitali kila wiki. Wazee wengi wa sehemu hizi walipalilia mashamba na kubeba magunia ya mahindi ya kilo 90 tangu ujana. Viuno na magoti yao yana haki ya kulalamika. Mengi ya kuwafanyia hayagharimu kitu ila muda.

Muulize anachoshindwa kufanya

Hapa ndipo watunzaji wengi huteleza. Kuka (babu) wa Kibukusu aliyepakwa matope mtoni alfajiri ya Agosti, siku ya tohara yake, akarudi nyumbani akasimama uani mbele ya ngariba na ukoo mzima bila kupepesa jicho, alifunzwa siku ile kwamba mwanamume hasemi anaumia. Tohara hiyo hufanyika kila baada ya miaka miwili, na hadi leo wazee wanajuana kwa marika yao. Usitazamie kwamba funzo la namna hiyo litafutika kwa sababu umemuuliza kwa upole. Kukhu (bibi) naye ana sababu zake: anajua kodi ya nyumba haijalipwa na hataki shilingi ya mwisho iishie kwenye dawa zake.

Kwa hiyo usiulize, "Unaumwa?" Jibu utakalopata ni "niko sawa", na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Uliza mambo anayoyafanya. Jana ulifika kanisani au uliishia njiani? Usiku uliamka mara ngapi, na ni nini kilichokuamsha? Chooni unainuka mwenyewe au mpaka ushike ukuta? Mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja mahali penyewe. Akiweza kugusa nukta moja, umepata habari muhimu. Akipitisha kiganja chote kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, hiyo ni habari nyingine, huenda ni neva inayobanwa mgongoni. Maumivu ya kuwaka moto, kuchomachoma au ganzi yanaelekeza kwenye neva. Kukakamaa asubuhi kwa dakika chache kisha kulegea ni tabia ya viungo vilivyolika. Kukakamaa zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono yote miwili vikiwa vimevimba, ni tabia ya baridi yabisi, ugonjwa unaohitaji dawa tofauti kabisa.

Ukitaka kipimo, tumia mkono. Ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mzee asiyejua kusoma hukielewa mara moja, na hata yule mwenye haya ataona ni rahisi kuinua vidole vitatu kuliko kutamka neno. Nunua daftari la kurasa 32, uandike saa, dawa aliyopewa, vidole kabla ya dawa na vidole baada ya saa moja. Daktari atakayeona kurasa hizo atafanya kazi kwa haraka kuliko yule anayeambiwa tu kwamba "dawa haisaidii".

Mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kuhesabu vidole. Huyo mtazame. Kukunja uso, kupumua kwa nguvu, kukunja ngumi, kusukuma mkono wako unapombadilisha nguo, kukataa chakula ghafla, kupiga kelele jioni: mara nyingi tunaita haya ukaidi au wazimu, na kumbe ni jino, ni choo kigumu au ni kibofu kilichojaa. Kabla ya kutafuta dawa ya kumlaza, tafuta panapouma.

Baridi, kitanda na choo

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ndani ya nyumba ya mabati ni adhabu. Baridi hailiki gegedu, lakini hukaza misuli na kufanya kiungo kibovu kiume zaidi. Soksi na kofia usiku, na blanketi kuukuu au kadibodi chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi hupanda kutoka sakafuni. Kwa goti au kiuno kilichokaza, jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, uifunge vizuri, uivingirishe kwenye leso mara mbili, uiweke dakika 15 hadi 20. Ijaribu kwanza kwenye kiwiko chako. Mwenye sukari ambaye miguu yake imekufa ganzi usimwekee chupa hiyo miguuni kabisa: ataungua bila kujua, na kidonda cha mguu wa sukari ni balaa kubwa kuliko maumivu uliyokuwa ukiyatibu. Kiungo kilichovimba na chenye joto hakitaki moto zaidi; hicho kiwekee kitambaa kilicholowekwa maji baridi.

Na jiko la makaa lisibaki chumbani wakati wa kulala. Kila msimu wa baridi nchini Kenya watu hufa kwa hewa yake, na mzee hawezi kuamka kufungua dirisha.

Kitandani, mito ndiyo dawa. Anayelala ubavu awekewe mto au leso zilizokunjwa katikati ya magoti, na kiuno kitapumua. Anayelala chali, mto uwe chini ya magoti kwa ajili ya mgongo, lakini usiachwe hapo mchana na usiku kwa sababu magoti yatazoea kukunjika. Kitanda na kiti viwe na kimo cha magoti yake. Kochi lililobonyea, fahari ya sebule nyingi, ni mtego: mzee anazama, na kuinuka kunamgharimu maumivu ya saa nzima. Kiti cha mbao chenye mikono ni bora. Kitanda kifupi kinaweza kuinuliwa kwa matofali mapana, mradi hakitikisiki hata kidogo.

Choo ndicho kisichozungumzwa. Katika ploti nyingi za Tuwan choo ni cha shimo, kinatumiwa na nyumba kadhaa, na kinamtaka mtu achuchumae. Mwenye magoti mabovu hupunguza kunywa maji na kula ili asiende, kisha choo kinakuwa kigumu, tumbo linauma, mkojo unakuwa mzito na unachoma. Tumezalisha maumivu mapya matatu kwa kukosa kiti. Seremala yeyote anaweza kukutengenezea kigoda imara chenye tundu katikati, cha kuwekwa juu ya shimo, na ukapigilia mbao ya kushikilia ukutani. Usiku kigoda hichohicho kiwekewe ndoo chini chumbani. Kati ya mambo yote niliyoandika humu, hili ndilo ningelifanya kwanza.

Mkongojo hushikwa na mkono wa upande mzima, si upande wa mguu unaouma. Wengi hufanya kinyume. Mzee akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Gongea kipande cha tairi chini yake, maana udongo wa Tuwan ukinyeshewa huteleza kama sabuni.

Kisha mzee atembee. Najua inaonekana ukatili kumwinua mtu anayeumwa, lakini goti linalopumzishwa miezi mitatu hupoteza misuli inayolibeba na kuuma zaidi. Akiwa ameketi, anyooshe mguu mmoja, auzuie hewani mpaka ahesabu tano, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mara chache kwa siku ainuke kitini na kuketi tena polepole. Maumivu yakiongezeka kidogo na kutulia kesho yake, mnaenda vizuri. Yakidumu zaidi ya hapo, punguza.

Asiyeweza kuinuka kabisa ageuzwe kila baada ya saa mbili, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi juu ya mfupa, usiisugue. Mgeuze mzee ili pasilaliwe tena.

Dawa za kemisti

Kwa maumivu ya kawaida ya viungo, anza na parasetamoli, ile ambayo wengi huiita Panadol. Haifanyi miujiza kwenye goti lililolika, lakini kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi kwa mzee. Kwa mtu mzima mwenye afya ukomo ni gramu 4 kwa siku. Kwa mzee ni busara kutozidi gramu 3, yaani vidonge sita vya miligramu 500, viwili kila baada ya saa nane. Mzee aliyekonda sana, chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au anayekunywa chang'aa kila siku, apewe pungufu ya hapo, na mwuguzi ndiye aseme kiasi gani.

Siri iko kwenye saa. Maumivu ya kila siku hayatibiwi kwa kusubiri mzee alie. Mpe saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, aumwe asiumwe, kwa muda ambao mwuguzi amekuambia. Kama maumivu humshika anapooshwa au kugeuzwa, mpe dozi yake nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi hiyo. Utashangaa jinsi "mzee mkali" anavyokuwa mpole bafuni.

Soma nyuma ya pakiti. Baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa madukani vimechanganywa parasetamoli, aspirini na kafeini, na mtu akimeza hivyo pamoja na Panadol anameza dozi mbili bila kujua.

Sasa ibuprofeni na diklofenaki, Brufen na jamaa zake. Hapa niko mkali kidogo. Dawa hizi ni nzuri kwa kijana aliyeteguka mguu. Kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha, kuvimbisha miguu na kuharibu figo, na hatari huongezeka sana akiwa tayari anameza enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoa. Sindano haipunguzi hatari hiyo. Watu hulipia sindano ya diklofenaki wakiamini kwamba inaliepuka tumbo, ilhali dawa hiyohiyo hulifikia tumbo na figo kupitia damu. Zaidi ya hayo, sindano iliyochomwa vibaya matakoni inaweza kujeruhi neva kuu ya mguu. Ikiwa mzee lazima azipate, iwe ni kwa siku chache, baada ya chakula, na kwa kauli ya mtu aliyepima presha na figo zake. Kwa goti au kidole, diklofenaki ya kupaka ni chaguo bora zaidi: husaidia mahali inapohitajika na ni kidogo sana inayoingia mwilini.

Dawa za kuchua kama Kaluma na Robb hazina ubaya. Joto lake hudanganya neva kwa muda, na mikono ya mjukuu inayochua ni tiba yenyewe. Usipake kwenye ngozi iliyochubuka, wala usiweke chupa ya moto juu yake.

Jihadhari zaidi na unga au vidonge visivyo na jina vinavyotangazwa kwa kipaza sauti siku za soko kuwa dawa ya mifupa. Dawa ya "miti shamba" inayomaliza maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, ikaleta njaa kubwa na uso wa mviringo, yaelekea imetiwa steroidi. Hiyo hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuficha maambukizi. Aliyeimeza kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, maana anaweza kuzimia. Abebe mabaki yake hospitalini akaeleze.

Miguu inayowaka kwa sababu ya sukari, au maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, hayasikii Panadol wala Brufen. Yana dawa zake za neva, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Huandikwa na daktari, na siku za mwanzo mzee asiamke gizani peke yake kwa sababu zinaleta kizunguzungu. Na mkanda wa jeshi wenyewe, yale malengelenge ya upande mmoja wa mwili, una saa 72 za kuanza dawa ya virusi. Usizipoteze kwa kupaka majivu.

Wakati wa kutongoja

Mzee akianguka, akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, hiyo ni nyonga iliyovunjika. Asikandwe, asipandishwe bodaboda. Tafuteni gari alale. Maumivu ya mgongo yanayokuja na miguu kulegea, ganzi ya makalio au kushindwa kukojoa ni ya kupelekwa siku hiyohiyo, kwani kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza. Choo cheusi kama lami kwa mtu anayemeza dawa za maumivu ni tumbo linalovuja damu. Kifua kinachobana, kiungo kimoja kilichofura na homa, maumivu mapya ya kichwa pamoja na macho kufifia: twende hospitali.

Yapo pia ya polepole yanayofichwa na jina la uzee. Mwanamume anayeamka usiku kwa maumivu ya mgongo huku mkojo ukitoka kwa shida apimwe tezi dume. Mgongo unaouma miezi kadhaa, na mtu anakonda na kutokwa jasho usiku, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Na kwa kuwa huku kwetu bado tunapenda maziwa yasiyochemshwa, homa inayokuja jioni na kuondoka, pamoja na viungo vinavyohama kuuma, ni sababu ya kuomba kipimo cha bruseli.

Kuhusu gharama: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina mpango wa huduma za msingi bila malipo kwa aliyesajiliwa katika zahanati na vituo vya afya, basi msajili mzee kabla hajaugua. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wanaweza kupima presha na sukari nyumbani. Mwenye miaka 70 na zaidi aandikishwe pia katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao malipo yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zinatosha parasetamoli, diklofenaki ya kupaka na kigoda, zikifika.

Maumivu makali na hofu ya mofini

Saratani ikifika mifupani, hakuna Panadol wala maombi pekee yatakayompa mzee usingizi. Dawa yake ni mofini, na hofu tuliyo nayo juu yake imewatesa wengi bure. Mofini ya kunywa si sindano ya kumalizia mtu. Dozi huanza ndogo, hupandishwa kidogokidogo na mtaalamu, na mgonjwa anayepewa kwa maumivu ya saratani mara nyingi huanza kula, kuongea na kulala. Kwa majirani zetu wa Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji ambayo familia huipima na kuinywesha nyumbani, na baadaye sheria ya nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990, na magharibi kuna Eldoret Hospice na Kimbilio Hospice ya Kipkaren.

Ya maji hutolewa kila baada ya saa nne. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia na huenda akachefuka; hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo mofini iandikwe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na sahani iwe na mrenda, papai na maji ya kutosha. Mwuguzi aambiwe haraka mgonjwa akisinzia kupita kiasi, akipumua polepole au akikojoa kidogo sana, maana figo dhaifu huacha mofini ikarundikana. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Na tusidanganyane upande wa pili: mofini si dawa ya goti wala ya mgongo wa kuinama shambani.

Starehe haikai kwenye chupa peke yake. Mzee anayeshinda amefungiwa chumbani kuanzia watoto waende shule hadi jioni anayahesabu maumivu yake moja moja. Mtoe juani asubuhi, mfungulie Sulwe FM kama ni Mbukusu, wakumbushe watu wa rika lake wapite. Nawe mtunzaji omba zamu. Ndugu aliye Nairobi anayetuma pesa anaweza pia kuja wiki moja akaamka usiku.

Kama nyumbani kwako yupo mzee anayeinua vidole vinne au vitano licha ya dawa, nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, ukiwa na daftari na pakiti zote, na uulizie huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu. Wakisema hawana, omba barua ya rufaa kwenda Eldoret. Usiondoke kabla ya kujua ni nani atakayeandika dawa yake ya maumivu mwezi ujao.